Fuko Aliyenunua Wingu la Majini

Hadithi, nibishe hodi?

Kimya. Nikadhani moto unapasuka sana, watoto hawajanisikia. Nikakohoa kikubwa, nikanyoosha mikono kama mtu aliyezoea kusimulia mbele ya masultani, nikarudia. Hadithi, nibishe hodi?

"Baba mdogo," akasema Tunu, binti wa kaka yangu, "umekalia unga."

Nikajipapasa. Kweli. Nilichodhani ni kigoda kilichowekewa mto kwa heshima yangu kilikuwa sinia la unga wa maandazi, umekandwa, umefunikwa kanga ili uumuke. Shemeji yangu, Bi Sikuzani, akashika kiuno. Alinitazama tu, nami nikanyanyuka. Nimelala Kigoma, nimekula Lamu, nimepotea Muskati nikaokotwa, lakini sijapata kusimama mbele ya watoto wote hawa mkono mmoja uko juu na unga mbichi umeganda makalioni.

"Endelea tu, shemeji," akasema. "Maandazi yatakuwa bapa. Hadithi isiwe bapa."

Basi nikaketi ardhini, mahali pasipoumuka kitu. Hadithi, nibishe hodi?

"Bisha. Uongo umo ndani, utamu uko jikoni."

Na atakayesinzia?

"Atasimuliwa na jirani yake."

Haya.

Zamani, zamani sana, siku viumbe walipogawiwa usingizi, mgawaji alikuwa na haraka. Jogoo akapata kidogo, popo akapata wa mchana, na upepo ukapata fungu kubwa kupita wote. Upepo ukalichukua fungu lake, ukapanda nalo mlimani, ukajilaza. Ukalala masika yote.

Na upepo ukilala, mawingu yaende wapi? Yalikaa. Yalining'inia angani kama nguo kambani, kila moja mahali pake, kila moja na sura yake. Wingu kama ungo. Wingu kama mwanamke anayesuka nywele. Wingu kama nyani aliyevaa kofia. Na chini yake palikuwa na ziwa, jina lake Ziwa Tuli, halina wimbi wala kiwimbi. Kila wingu lililoko juu lilikuwa na mwenzake majini. Ukisimama ukingoni asubuhi, hujui ipi mbingu na yapi maji, na miguu yako mwenyewe unaionea mashaka.

Chini ya ukingo ule, ndani ya udongo, aliishi Fuko na mkewe, Bi Fuko.

Fuko haoni. Mnamjua fuko, macho yake ni mapambo tu. Lakini pua alikuwa nayo, na kucha alikuwa nazo. Yeye na mkewe walichimba, walichimba, walichimba, wakajaza ghala la viazi mwitu, kwa sababu kiangazi cha nchi ile kilikuwa hakina huruma. Udongo ulikuwa unakuwa jiwe, na fuko asiye na akiba alikuwa anakuwa hadithi. Tena mwaka ule Bi Fuko alikuwa mjamzito. Ghala lile lilikuwa la vinywa vilivyopo na la vinywa vinavyokuja.

Wana desturi mafuko. Kila jioni, kabla ya kulala, mwenye nyumba hupitisha pua juu ya akiba yake. Kiazi kipo. Kiazi kipo. Kiazi kipo. Akishanusa cha mwisho, hulala. Kitu ambacho pua haijakipitia, kwao hakipo.

Siku moja Fuko katoa kichwa nje kupata hewa. Akasikia sauti.

"Salaam aleikum, Bwana Fuko."

"Wa aleikum salaam. Nani mwenzangu?"

"Kinyonga."

Sijui alitoka wapi. Kinyonga huwa hatoki mahali, unakuta tu amekwishafika.

"Bwana Fuko, unaliona lile wingu majini, pale katikati, lenye sura ya nyani aliyevaa kofia?"

"Sioni."

"Halina pacha duniani."

"Sioni."

"Linauzwa."

Fuko akapangusa udongo puani. Kisha akasema, "Liko upande gani hasa?"

Cheka wewe, lakini na mimi ningeuliza.

Fuko akanyoosha pua yake juu ya ziwa. Akanusa kushoto, akanusa kulia, akanusa katikati. "Nanusa maji," akasema. "Nyani simnusi."

"Nyani wa heshima hanuki."

"Nikilinunua, nitakwenda nalo nyumbani?"

"Hapana, litabaki palepale."

"Wengine watalitazama?"

"Bure kabisa."

"Kiboko ataogelea juu yake?"

"Kama kawaida yake."

"Sasa, ndugu yangu, nitakuwa nimenunua nini?"

Kinyonga akazungusha jicho moja likamtazama Fuko, na la pili likaelekea mitini. Akapiga mluzi. Mnajua miti ile ilikuwa imejaa nini? Kasuku. Si kasuku wawili watatu. Kasuku kama majani. Kinyonga alikuwa amewafundisha kazi moja tu, nayo ni kukumbuka. Kinachouzwa, wanakikumbuka. Aliyekinunua, wanamkumbuka. Ukitaka kumhonga kasuku mmoja abadilishe jina, wale wengine wote watamzomea mpaka amwage manyoya. Hawakuwa waongo kasuku wale. Shikeni hapo, hawakuwa waongo.

"Wingu la nyani," Kinyonga akauliza kwa sauti, "tuseme sasa ni la nani?"

Na miti yote ikaitika. Nisaidieni, nyinyi ndio kasuku.

"La nani?"

"La Fuko."

"Nani kasema?"

"Sote tumesema."

"Nani atafuta?"

"Hakuna wa kufuta."

Jamani. Fuko alisikia baridi tamu ikimpita mgongoni. Tangu azaliwe, hakuna aliyemtaja jina juu ya ardhi. Simba anajulikana, twiga anajulikana, hata inzi ana sifa zake. Fuko hukanyagwa paa la nyumba yake na wapita njia hawajui kama kuna mtu. Na leo jina lake linapita juu ya miti, juu ya maji, linakwenda mlimani, linarudi. La Fuko. La Fuko.

"Bei?" akauliza.

"Kikapu cha viazi. Kidogo cha kasuku, kidogo changu. Sisi watu wa huduma."

Fuko akashuka ghalani, akatoa kikapu.

Jioni ile Bi Fuko akamkuta mumewe anapitisha pua kwenye akiba, ananusa haraka haraka kama mtu anayekimbilia mahali.

"Mume wangu, kuna pengo hapa."

"Si pengo, mke wangu. Kile kikapu kimekuwa wingu."

"Kimekuwa nini?"

"Wingu la majini. Sikiliza."

Wakasikiliza. Hata huko chini, kupitia udongo, sauti ilifika ndogo na nzuri, kama watoto wanaoimba ng'ambo ya mto. La nani? La Fuko.

"Linalika?" akauliza Bi Fuko.

"Litapanda bei."

"Nimeuliza kama linalika."

Fuko akageukia ukutani, akalala.

Naam, likapanda. Msidhani Fuko peke yake ndiye aliyepumbazwa. Nungunungu alisikia jina la Fuko mitini, wivu ukamsimamisha miiba. Akanunua wingu la ungo. Ngiri akanunua la mwanamke anayesuka. Kiboko, ambaye ziwa lile alizaliwa ndani yake na alikuwa akiyavuruga mawingu yale kwa tumbo lake kila siku, akanunua matatu. Asubuhi hakuna aliyekwenda kulisha. Wote walisimama ukingoni wakitazama chini, na ukungu umewafunika mpaka magotini, kila mmoja anasubiri kusikia jina lake. Ilikuwa nchi nzuri sana ya kutazama, nchi ile. Ilikuwa kama watu wote wanaota ndoto moja na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kufumbua macho.

Nungunungu akamwendea Fuko. "Bwana Fuko, niuzie la nyani. Nitakupa vikapu viwili."

Bi Fuko akasema kutoka chini, "Uza."

Fuko akasema, "Bado."

Ngiri akaja. "Bwana Fuko, niuzie la nyani. Nitakupa vikapu vitano na nitakuchimbia shimo jipya kwa pembe zangu."

Bi Fuko akasema, "Mume wangu, uza."

Fuko akasema, "Bado."

Kiboko akaja, ardhi ikatetemeka. "Bwana Fuko, niuzie la nyani. Taja mwenyewe."

Bi Fuko akatoka nje na tumbo lake, akasimama kwenye jua asilolipenda. "Bwana, tumbo limeshuka. Kiangazi nakinusa. Uza leo."

Na Fuko, ambaye kichwani alikuwa amekwishauza na kununua na kuuza tena, akafikiria kasuku wakisema la Kiboko, la Kiboko. Akaona moyo wake hauwezi. Akasema, "Bado." Si hivyo tu. Alishuka ghalani, akachukua kikapu baada ya kikapu, akanunua wingu la ungo kutoka kwa Nungunungu, na wingu la kiatu, na jingine lisilofanana na kitu, ambalo Kinyonga alimwambia ndilo adimu kuliko yote.

Katika ziwa lile aliishi Chura. Chura hakununua kitu. Si kwa hekima, hakuwa na kikapu. Siku moja akaibuka kando ya Fuko.

"Jirani, jana nimeliogelea wingu lako."

"Ni langu lile."

"Nimekubali ni lako. Nimeliogelea tu. Nikafika katikati, penye kofia, nikakojoa."

"Waulize kasuku ni la nani."

"Sina ugomvi na kasuku, jirani. Nakupa habari za mali yako."

Akazama.

Na jioni moja, mwenye nyumba akapitisha pua kwenye akiba yake. Hakuna kiazi. Hakuna kiazi. Hakuna kiazi. Akarudi mwanzo, akanusa tena polepole. Palikuwa na harufu ya udongo na harufu ya mkewe, ambaye hakuwa amelala.

Kulipokucha, kule mlimani, upepo ukaamka.

Haukuwa na nia mbaya. Uliamka kama anavyoamka mtu yeyote aliyeshiba usingizi. Ukajinyoosha. Ukapiga mwayo mmoja, mrefu. Na mawingu yote yaliyokuwa yamening'inia masika nzima yakachomoka kambani, yakaenda zake. Ungo ukaenda. Mwanamke anayesuka akaenda na nywele zake. Nyani alibaki kidogo, akapoteza kofia, akapoteza kichwa, akawa pamba, akawa hewa.

Pale ukingoni wanyama wakatazama majini. Wakaona anga tupu, na ndani yake nyuso zao.

"Yatarudi," akasema Nungunungu.

"Yatarudi," akasema Ngiri.

"Kinyonga yuko wapi?" akauliza Kiboko.

Kinyonga hakuwepo. Na hili ndilo linalonishangaza mpaka leo. Kiumbe anayeinua mguu asubuhi na kuushusha mchana, aliondoka na vikapu vyote vile, na hakuna aliyemwona akienda.

Jua likashuka juu ya nchi. Ziwa likarudi nyuma, likarudi nyuma, likawa dimbwi, likawa tope, likawa ardhi iliyopasuka. Chura akajizika kwenye tope kama vyura wote wafanyavyo, akalala. Udongo ukawa jiwe.

Fuko akamwendea Kiboko, aliyekuwa amelala ubavu kwenye tope la mwisho. "Bwana Kiboko, ulisema nitaje mwenyewe. Nataja kikapu kimoja."

"Na mimi ninayo matatu," akasema Kiboko. "Utanunua?"

Akamwendea Ngiri. "Bwana Ngiri, vile vikapu vitano. Nipe hata nusu ya kimoja, mke wangu yuko karibu."

"Na mimi ninalo la msusi," akasema Ngiri. "Utanunua?"

Akamwendea Nungunungu. "Nungunungu mwenzangu, nipe kiazi. Kimoja."

Nungunungu hakumpa hata ganda. Alimgeuzia miiba.

Fuko akarudi kwa kupapasa-papasa, jua linamchoma mgongo ambao haukuumbiwa jua. Akafika chini ya ile miti ya kasuku, mikuyu. Mikuyu ilikuwa imekwishapukutisha majani yote, lakini kasuku walikuwepo. Akauliza kwa sauti iliyokauka, "Wingu la nyani, la nani?"

"La Fuko."

"Nani kasema?"

"Sote tumesema."

"Nani atafuta?"

"Hakuna wa kufuta."

Ilikuwa kweli tupu. Hata neno moja hawakukosea. Fuko akaketi palepale, mbele ya ziwa lisilo na maji, akawasikiliza. Kila walipomaliza, aliwauliza tena.

Sasa Bi Fuko.

Bi Fuko alijifungua peke yake, watoto wanne, wekundu, vipofu, kila mmoja kinywa wazi. Akapitisha pua ghalani kwa mazoea tu. Kisha akapitisha pua ukutani, upande ule ambao siku zote kulikuwa na maji nyuma yake, na hakuna fuko aliyewahi kuthubutu kuuchimba. Akanusa. Kulikuwa na kitu. Akaingiza kucha. Kucha moja ikavunjika, akaingiza nyingine. Akachimba mpaka akawa chini ya ziwa lenyewe, chini ya tope lililopasuka, chini hasa ya mahali ambapo nyani alikuwa akivaa kofia yake. Na hapo, ndani ya udongo ambao bado ulikuwa na ubaridi, akakuta viazi vya yungiyungi, lile ua la majini. Vinene. Vimelala safu kwa safu. Vilikuwa hapo masika yote, wakati nchi nzima imesimama juu inatazama picha.

Akala. Akanyonyesha. Akabeba vingine.

Hadithi yangu naitua hapa. Iliyo tamu lambeni, iliyo chungu temeni, na mkikuta mfupa nirudishieni, nina safari.

"Hujasema funzo," akasema Tunu.

Funzo lake, watoto, ni kwamba jina lako kutajwa na wengi si chakula. Na kwamba kitu kinaweza kuwa chako kweli, kwa ushahidi kamili, na kikawa si kitu. Wale kasuku hawakusema uongo. Hilo ndilo linalonisumbua mimi. Ingekuwa wamedanganya, hadithi ingekuwa rahisi.

"Baba mdogo, si zile picha za kwenye simu hizi? Zile watu walikuwa wananunua, nyani amevaa miwani, halafu zikaanguka bei hakuna anayezitaka?"

Mimi sijataja simu. Nimetaja kasuku. Lakini kweli, nilikuwa mji mmoja wa mbali wakati ule, na nililala kwa mwenyeji mwenye picha kama hiyo. Alinionyesha akiwa na machozi ya furaha. Nikamwambia nzuri, nitumie. Akanitumia. Akasema, sasa na wewe unayo, ila yangu ndiyo yangu. Nikamsadiki. Nilitaka hata kununua yangu, ila simu yangu ilikuwa imejaa picha za vyakula. Mwaka uliofuata nilimpigia kumjulia hali. Alikuwa amehamia kwa mama yake. Picha ile bado ninayo. Bado ni yake.

"Na Fuko?" akauliza Bi Sikuzani, akigeuza maandazi yake bapa motoni. "Umemwacha juani, shemeji. Mkewe alimwambia nini?"

Ah. Kweli. Nilitaka kulala bila kumrudisha mtu nyumbani kwake.

Bi Fuko alitokeza kichwa katikati ya ziwa kavu, tope limemjaa masharubuni, kiazi kiko kinywani. Akakitua. Akamwita mumewe.

"Bwana, njoo uchimbe. Wanao wamezaliwa."

Fuko hakugeuka. Alikuwa ameelekeza sikio juu mitini, uso umelegea kama wa mtu anayebembelezwa. "Ngoja kidogo, mke wangu," akasema. "Mvua itanyesha, ziwa litajaa, nyani atarudi. Na kasuku wenyewe hawajanisahau. Hebu wasikie. Bado wanasema ni langu."

Bi Fuko akakiokota kiazi chake.

"Basi waambie wakupikie."